Maandishi kwenye video: uyagandishe ama uyaweke kando?

Je, msomaji, umewahi kutazama video ndani ya matatu huku umezima sauti usiwasumbue wenzako? Bila maandishi chini ya picha, huambulii kitu. Basi kwa mwenzetu aliye kiziwi, hali ndiyo hiyo kutwa kucha.

Kabla ya kuweka maandishi kwenye video yako, iwe ya harusi ama ya somo la chuo, amua itatazamwa wapi. Ikiwa ni ya kupeana kwa WhatsApp, huna budi kuyagandisha juu ya picha yenyewe. Ubaya wake hayaondoki, na kosa moja la tahajia litakulazimu uitengeneze video upya.

Kwa YouTube, mimi napendelea faili ya kando, ile ya SRT. Jina lisikutishe. Ni maandishi matupu: nambari, wakati wa kuanza na wa kumaliza, kisha maneno yaliyosemwa. Mtazamaji huyafungua ama kuyafunga apendavyo, nawe wasahihisha kosa bila kuigusa video. Hata tafsiri yaweza kuongezwa baadaye.

Ipo pia njia ya kuuachia mtambo usikilize na kuandika wenyewe, ambayo YouTube iliianzisha mwaka wa 2009 kwa Kiingereza. Yaokoa muda, naam, lakini sisi tunaochanganya Kiswahili na Sheng katika sentensi moja twaubabaisha mtambo, na majina ya watu huyavuruga. Pitia kila mstari kabla ya kuitoa video. Anayesikia atagundua mara moja kwamba mtambo umekosea. Kiziwi atayaamini yaliyoandikwa.