Bili ya Gari Isiishie kwenye Ada ya Shule

Mwezi huu tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tulikiona ni anasa tulipokuwa nyumbani, lakini huku ni kama jembe kwa mkulima: gari. Sheria nitakazozitaja ni za Uingereza, maana ndiko ninakofanyia kazi ya uuguzi, ila hesabu ya mwisho itakufaa hata kama uko Muscat au Minnesota.

Zamu ya asubuhi ikianza saa moja na nusu, katika miji mingi midogo basi la kwanza halikufikishi kwa wakati, na Jumapili ndiyo kabisa. Wenzetu wanaohudumia wazee majumbani huendesha kutoka nyumba moja hadi nyingine siku nzima. Kwao, bila gari hakuna zamu, na bila zamu hakuna mshahara. Kwa hiyo gari likigoma, swali ni moja tu: pesa ya fundi itoke wapi?

Tazama jinsi mshahara unavyogawanyika. Kodi ya nyumba ina mkataba. Umeme, gesi, simu na bima vinakatwa benki vyenyewe kila mwezi. Kodi ya halmashauri ukichelewesha, barua inafika. Kinachobaki bila mkataba wala barua ni pesa ya nyumbani: dawa za presha za mama, ada ya mtoto wa dada, mchango wa kumalizia paa. Hapo ndipo tunapochota. Kwa namna hiyo bili ya gereji ya Leicester inalipwa na mtoto wa Tanga ambaye hajawahi hata kulipanda gari lenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ni kwamba yeye ndiye asiyeweza kutuma barua ya deni.

Januari ndiyo mbaya zaidi. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya Krismasi, kwa hiyo mpaka kuuona mwingine ni wiki tano au sita. Baridi nayo humalizia betri iliyokwisha kuchoka. Na huko nyumbani, Tanzania na Kenya, ndio shule zinafunguliwa.

Mengi hutoa taarifa mapema

Tunasema gari limeharibika ghafla, lakini mara nyingi lilishasema. Hapa gari likifikisha miaka 3 linapaswa kupita ukaguzi wa MOT kila mwaka. Kituo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa ukaguzi wa gari la kawaida. Ukiendesha bila MOT unaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000.

Tangu Mei 2018 kasoro zinapangwa kwa uzito, karibu sawa na tunavyopanga wagonjwa wa dharura. Kuna kasoro ya hatari, ambayo gari halitoki barabarani mpaka itengenezwe, hata kama cheti cha zamani bado hakijaisha. Kuna kasoro kubwa, ambayo gari linafeli. Kuna kasoro ndogo, gari linapita lakini utengeneze mapema. Mwisho kuna ushauri: kitu bado kinafaa, ila kinaelekea kuchoka. Wengi tukiona gari limepita, karatasi tunaikunja na kuitia kwenye droo. Ule ushauri ndio bili ya mwaka ujao. Ukiandikiwa kwamba tairi za mbele zinakaribia kikomo, unajua una miezi kadhaa ya kutafuta pesa ya tairi 2. Kikomo chenyewe kisheria ni kina cha milimita 1.6.

Kama karatasi imepotea, kwa England, Scotland na Wales ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali. Bila malipo utaona majibu ya miaka iliyopita, ushauri wote na kilomita au maili zilizosomwa kila mara. Fanya hivyo pia kabla ya kununua gari la mtumba. Wanafunzi, hili lawahusu sana: gari la pauni 900 lenye orodha ndefu ya ushauri linaweza kuwa ghali kuliko la pauni 1,500.

Jambo jingine la kufahamu: MOT unaweza kuifanya hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla haijaisha, na tarehe yako ya mwaka ujao haibadiliki. Anayefanya hivyo gari likifeli bado ana wiki kadhaa za kulinganisha bei za mafundi. Anayengoja siku ya mwisho analipa bei yoyote atakayotajiwa.

Ukifika kwa fundi

Uliza mambo mawili kwa kila kitu alichoandika: kisipotengenezwa leo kitatokea nini, na kinaweza kungoja hadi lini? Breki haziwezi kungoja. Mkanda wa taimingi uliopitisha muda wake usiucheze, maana ukikatika, kwa magari mengi injini inaharibika pamoja nao. Kiyoyozi kinaweza kungoja. Mkwaruzo wa rangi unaweza kungoja miaka.

Omba bei kwa maandishi, na uulize kama ni bei kamili au ni makadirio. Bei kamili ukishaikubali, fundi hawezi kuibadilisha kienyeji. Makadirio yanaweza kupanda, kwa hiyo mwambie asiendelee kabla hajakupigia simu. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka kazi ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Isipofanywa hivyo, una haki ya kudai irudiwe bila malipo. Sheria hiyo hiyo inakupa siku 30 za kurudisha gari ulilonunua kwa mfanyabiashara wa magari likigundulika lina kasoro tangu kuuzwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga yako ni ndogo zaidi.

Mkopo wa haraka

Wengi wetu viza zetu zina sharti la kutotumia fedha za umma, kwa hiyo msaada wa serikali haupo. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo hata kuongeza zamu kuna ukuta. Hapo ndipo tangazo la mkopo wa dakika kumi linapoonekana kama ndugu.

Fanya hesabu kwanza. Mikopo hiyo ya muda mfupi, kwa kanuni iliyoanza Januari 2015, inaruhusiwa kutoza hadi asilimia 0.8 kwa siku. Ukikopa pauni 400 kwa siku 30, gharama inaweza kufika pauni 96. Chama cha kuweka na kukopa, England, Scotland au Wales, hakiruhusiwi kuzidi asilimia 3 kwa mwezi: pauni 400 hizo hizo ni pauni 12 kwa mwezi wa kwanza. Tofauti ya pauni 84 ni pesa ya kumtoa mtu hospitali kule nyumbani. Lakini chama si cha kukimbilia siku gari limezimika. Jiunge sasa, hata kwa kuweka pauni 10 kwa mwezi.

Gari liwe na kibubu chake

Kusanya risiti za gari za miaka 2 iliyopita. Toa mafuta, bima na kodi ya barabara, maana hizo tayari ziko kwenye bajeti. Bakiza MOT, tairi, betri, breki, oili na mafundi. Jumlisha, kisha gawanya kwa 24. Tuseme umepata pauni 1,080: ni pauni 45 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kumiliki gari lako, na umekuwa ukiilipa siku zote, ila kwa vishindo. Iwekee akaunti yake ndogo, ihamie siku ile ile mshahara unapoingia. Usiipe jina la dharura, iite gari, ili harusi ya binamu isije ikaigusa. Kama mnacheza mchezo na marafiki, omba zamu yako ya kupokea iangukie mwezi wa MOT.

Kibubu kikiwa bado kichanga na gari likawahi kugoma, kaeni mume na mke, au wewe na mwenzako wa nyumba, mwandike mpangilio wa kukata kabla hamjagusa cha nyumbani. Vya kwanza ni vyetu wenyewe: chakula cha kuagiza, usajili wa filamu, nguo, safari ya wikiendi. Vinafuata vile vinavyoweza kuahirishwa kule, kama mchango wa paa. Dawa na ada ziwe za mwisho kabisa.

Na zikilazimika kuguswa, piga simu mapema. Ukimya ndio unaoumiza, kwa sababu wa nyumbani naye ana mwenye duka na mwalimu wa kuwaahidi. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Shikamoo mama. Gari linalonipeleka kazini limeharibika. Tarehe 28 nitatuma nusu, na dawa zako zimo humo. Nusu ya ada itakuja tarehe 10. Naomba umwombe mwalimu mkuu atuvumilie." Mama aliyeambiwa tarehe 20 anaweza kwenda shuleni kuzungumza. Aliyeambiwa tarehe 5, mtoto akiwa amesharudishwa nyumbani, hana la kufanya zaidi ya kunung'unika kwamba watoto wa Ulaya wamebadilika.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni moja: toa ile karatasi ya MOT kwenye droo, soma ushauri ulioandikwa chini, na uandike bei ya kila kitu pembeni. Kisha gawanya kwa miezi iliyobaki mpaka ukaguzi ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tukiujenga kwa pesa ya ada, anayebaki nje ya darasa si sisi.

Safari njema, na tuonane mwezi ujao.