Aksolotli anaotesha mguu mpya, wewe bado. Tuambiane ukweli

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia video saa sita usiku. Yeye ni mwendesha boda, au tuseme alikuwa, kwa sababu mwaka jana lori lilimgonga na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Video ilionyesha mnyama mdogo wa rangi ya waridi, uso kama anatabasamu, na sauti ikisema ati wanasayansi wameshapata siri ya kuotesha viungo vya binadamu. Chini yake aliandika: "Buda, kwani ningoje tu? Hii ya bandia niachane nayo?"

Fundi alikuwa ameshampima mguu wa bandia. Familia ilikuwa inachanga. Na sasa jamaa anataka kusimamisha kila kitu kwa sababu ya video ya sekunde thelathini. Hapo stori iliacha kuwa ya kuchekesha.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usinitafutie digrii. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi. Nilichoma bando usiku ule na siku zilizofuata, na haya ndiyo niliyomwambia.

Mnyama yule anaitwa aksolotli. Wengi wetu tulimwona kwanza kwenye Minecraft, alikoingizwa mwaka wa 2021, tukadhani ni katuni. Ni wa kweli bana. Ni aina ya salamanda, jamaa wa mbali wa chura, na porini anaishi sehemu moja tu duniani: mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico. Chura huanza kama kiluwiluwi majini kisha hubadilika na kutoka nchi kavu. Aksolotli kwa kawaida habadiliki. Anakomaa, anazaa na kuzeeka akiwa bado na matamvua yake ya utotoni, yamesimama kando ya kichwa kama manyoya.

Na ndiyo, mguu wake ukikatwa huota tena. Mkia pia, uti wa mgongo, hata sehemu za moyo na ubongo. Video haikudanganya hapo. Ilidanganya iliporuka kutoka kwake hadi kwako.

Hebu tuone kinachofanyika. Wewe ukikatwa, mwili unakimbilia kuziba: damu inaganda, kidonda kinafunga, kovu linabaki. Kwa aksolotli, ngozi hufunika jeraha haraka bila kovu, kisha seli zilizo chini yake hurudi nyuma kidogo, zikawa kama za mnyama mchanga, zikakusanyika na kufanya kifundo kinachoitwa blastema. Kifundo hicho ndicho hujenga mguu. Mwaka wa 2009 watafiti walionyesha kwamba seli hizo hazisahau asili yake. Iliyotoka kwenye misuli hujenga misuli, haigeuki kuwa mfupa. Kila fundi na kazi yake.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mguu unajua ulikatwa wapi. Kata kwenye kiganja, kiganja pekee kinaota. Kata kwenye bega, mkono mzima unaota. Mwaka wa 2025 kikundi cha James Monaghan, wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Boston, kilieleza sehemu ya siri hiyo. Kuna kemikali inayotokana na vitamini A, asidi ya retinoiki. Karibu na bega ni nyingi, kwenye kiganja ni kidogo kwa sababu kuna kimeng'enya kinachoivunja. Walipozuia kimeng'enya hicho, aksolotli aliyekatwa kiganja alianza kuota sehemu za mkono wa juu mahali pasipofaa.

Kemikali hiyo hiyo iko kwenye dawa kadhaa za chunusi. Kabla hujakimbia dukani: hapana, haioteshi kidole. Na dawa kali za jamii hiyo hukatazwa kwa mama mjamzito kwa sababu mimba nayo hutumia ishara hiyo kupanga viungo vya mtoto. Ukivuruga ishara, unavuruga mtoto. Hivyo ndivyo mambo haya yalivyo mazito. Huwezi kumwaga kemikali kwenye kigutu ukasubiri vidole.

Halafu kuna suala la jeni. Jenomu ya aksolotli, iliyochapishwa mwaka wa 2018, ina herufi takriban bilioni 32, mara kumi ya yetu. Kuisoma tu ilikuwa shughuli. Kuielewa bado kunaendelea.

Kwa hivyo hakuna matumaini? Yapo, lakini ya polepole. Ini la binadamu hujijenga upya likikatwa sehemu. Mtoto akipoteza ncha ya kidole na shina la ukucha libaki, ncha hiyo inaweza kuota. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kusikia darasani: hapa kwetu Kenya kuna panya mwenye nywele ngumu kama miiba, ambaye ngozi yake huchanika kirahisi akishikwa na adui. Mwaka wa 2012 Ashley Seifert na wenzake walionyesha kwamba panya huyu hurudisha ngozi ile na nywele zake, na hata kuziba tundu la sikio kwa gegedu mpya. Utafiti wao ulipitia Mpala, kule Laikipia. Huyo ni mnyonyeshaji kama wewe na mimi.

Si mguu mzima, lakini inaonyesha swali lenyewe: kwa nini mwili mmoja unachagua kovu na mwingine unachagua kujenga? Mwaka wa 2013 watafiti waliondoa makrofaji, seli za kinga zinazosafisha jeraha, kwenye miili ya aksolotli. Mguu haukuota. Lilibaki kovu, kama letu. Elewa hapo na utaona faida ya karibu si mguu mpya. Ni vidonda vya kuungua na makovu ya upasuaji kupona vizuri zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Anayetengeneza video akasema "siri imepatikana" anachezea miguu ya watu. Kama hujui utafiti ulifanyiwa mnyama gani, usiposti. Na sisi tunaoshea tujiulize nani ataipokea.

La pili, sayansi hii haijengwi kwa mwezi mmoja, na inahitaji mnyama mwenyewe awepo. Maabara zina aksolotli wengi, wengi wao wa ukoo wa wale 34 waliosafirishwa hadi Paris mwaka wa 1864. Lakini Xochimilco mwaka wa 1998 walihesabiwa takriban 6,000 kwa kila kilomita mraba. Mwaka wa 2014 walikuwa chini ya 40. Maji yamechafuka, na samaki walioletwa na watu wanakula mayai yake. Mmoja wa samaki hao ni tilapia, huyu huyu wa Afrika tunayemla na ugali. Mexico wamemchora aksolotli kwenye noti ya peso 50 huku mifereji yake ikiharibika. Tusiwacheke. Wangapi kati yetu wanamjua yule panya wa Laikipia, na nani analipia masomo ya kijana wa hapa anayetaka kumchunguza?

Rafiki yangu nilimjibu kwa sauti, si kwa maandishi. Nilimwambia: buda, chukua mguu wa bandia. Siku ule mwingine ukipatikana, kama utapatikana, utakukuta ukitembea.

Alienda kuuchukua wiki iliyopita. Analalamika kwamba unambana gotini.