Nyaya Tano, Vitufe Vinane

Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Marekani mtambo wa michezo ya televisheni uitwao NES. Kishikio chake kina vitufe vinane, lakini nyaya zinazokihudumia ni tano tu: mbili za umeme wa volti 5, na tatu za ishara. Yawezekanaje?

Siri imo katika chipu moja ndogo, aina ya 4021. Bodi ya maikrokontrola, kama vile Arduino Uno, hutuma mpigo katika waya wa kwanza wa ishara, na chipu hunasa hali ya vitufe vyote kwa pamoja. Hali ya kitufe cha kwanza husomwa papo hapo katika waya wa tatu. Kisha mipigo saba katika waya wa pili huzileta zilizobaki, moja baada ya moja. Kitufe kilichobonyezwa husomeka 0.

Wapo wasemao kwamba programu za kazi hii zimekwisha andikwa, basi mwanafunzi azinakili tu. Sisi hatukubaliani nao. Anayenakili hupata mchezo, hapati maarifa. Na aandike mwenyewe mistari ile michache, tena akosee. Akituma mipigo sita badala ya saba, kitufe cha kwenda kulia hakitasomeka. Kuitafuta sababu ndiko kujifunza.

Walimu, kishikio kikuukuu kisitupwe kabla hakijafunguliwa darasani.