GARI NA FAMILIA: Pikapu Tupu Inapokataa Kupanda Kilima

Mvua za Machi hadi Mei huwakuta wenye pikapu wa Kigali na shida ile ile. Gari limeshusha viazi na makaa sokoni, halina kitu mgongoni, nalo linarudi nyumbani kwa njia za vilima vya Nyamirambo au Kimisagara. Udongo mwekundu umelowa. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu moja la nyuma linazunguka bure, mkia unayumba kuelekea mtaroni, na mtoto aliyeketi mbele anamshika mama yake mkono.

Na uchukuliwe mfano wa askari mstaafu ambaye karo ya watoto wake hutoka katika gari la namna hiyo. Akiona mkia umelala kwa mizigo ya kila siku, huenda kwa fundi akaongezewa majani mawili ya springi kila upande. Gari husimama juu, naye hurudi nyumbani akiwa ameridhika. Kumbe amenunua matatizo mawili.

La kwanza ni mshiko. Gurudumu husukuma gari pale tu linapoikandamiza ardhi. Springi iliyotiwa ugumu wa kubeba shehena haikunjiki chini ya bodi tupu. Gurudumu likipanda jiwe hurushwa, na likiwa hewani halina kazi. Tena difu ya kawaida huyaacha mazunguko yaende kwenye gurudumu jepesi. Hivyo moja likining'inia, jingine lililo ardhini husimama tu.

La pili ni breki, na hilo ndilo la hatari zaidi. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa ufito mdogo wa chuma. Gari likilaliwa na mzigo, vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Mkia ukiinuka, huzipunguzia ili magurudumu yasijifunge. Majani ya ziada huidanganya vali hiyo ione gari tupu hali limejaa. Dereva akiteremka na magunia kuelekea Nyabugogo, kazi kubwa huziangukia breki za mbele, nazo hushika moto na kulegea.

Somo hili lina historia katika Afrika Mashariki. Ford Escort iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola, na tena mwaka 1977 mikononi mwa Björn Waldegård, ilisukumwa na magurudumu ya nyuma na ilikuwa na springi za majani. Gari la namna hiyo likiondoka kwa nguvu, ekseli hujisokota, springi hujipinda mithili ya herufi S, kisha hujirudisha ghafula na gurudumu likarukaruka. Mafundi wa mashindano waliizuia ekseli kwa mikono ya chuma, wakaiachia springi kazi yake ya kukunjika. Wamarekani wenye Ford Mustang za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1964, nao hufunga fito za kuzuia msokoto huo.

Mwenye pikapu ya kazi hahitaji kufika huko. Afuate utaratibu huu, akianza na kilicho rahisi.

Kwanza, tairi. Upepo uwe kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Wengi hujaza upepo wa mzigo na kusahau kuupunguza gari likiwa tupu. Tairi iliyokwisha meno haisaidiwi na springi yoyote.

Pili, shokapu. Ikivuja mafuta, au tairi ikiliwa kwa mabakamabaka, zibadilishwe zote mbili za nyuma kwa pamoja.

Tatu, bushi na yu-bolti. Zikilegea, ekseli hucheza. Yu-bolti zikazwe, na baada ya siku chache za kazi zikazwe tena.

Nne, majani yenyewe. Lililovunjika libadilishwe kwa jani la unene ule ule. Springi ikiwa imechoka, ibadilishwe nzima pande zote mbili, wala isiongezewe majani.

Tano, uzito. Mifuko miwili ya mchanga ya kilo 50, ikilazwa juu ya ekseli na kufungwa barabara, huleta mshiko katika safari ya bodi tupu. Isiwekwe mwishoni kabisa mwa bodi, kwani huupunguzia usukani uzito. Wala watu wasipakiwe nyuma badala ya mchanga.

Tahadhari kwa afanyaye kazi hii uani: katika pikapu nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Yakiinuliwa, hakuna kinacholizuia gari. Kazi ifanyike mahali tambarare, magurudumu ya mbele yawekewe vigingi, na gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Senta bolti isifunguliwe kabla majani hayajabanwa kwa klampu, maana hufyatuka na kuumiza. Watoto wawe mbali.

Askari mstaafu yule akiyaondoa majani yake ya ziada, mkia utashuka kidogo, na majirani huenda wakasema gari limezeeka. Na waseme. Litapanda Kimisagara tupu na kuteremka Nyabugogo limejaa, na karo itafika shuleni.