Tusimwangamize Mlinzi wa Mibuni

Yupo mdudu mdogo wa jamii ya kunguni ambaye mabawa yake yanafanana na kitambaa cha kimia. Wataalamu humwita Habrochila; hapa na tumwite kunguni kimia. Hushambulia mibuni, hasa ya Arabika, katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati, zikiwamo Rwanda na Burundi zinazopakana na Wilaya ya Ngara. Kwa hiyo mkulima wa Ngara, au wa Nyamigogo, hana budi kumfahamu kabla ya kushika bomba la dawa.

Jike hutaga mayai ndani ya nyama ya machipukizi na majani, nayo hukaa humo kwa muda wa wiki tatu hadi tano. Tunutu waanguliwao hawana mabawa. Hufyonza utomvu upande wa chini wa jani na kujivua ngozi mara tano kabla ya kupevuka. Jani huwa na mabaka ya manjano juu na madoa meusi ya kinyesi chini, na hatimaye hupukutika.

Huko Ulaya, kunguni kimia wa miti ya barabarani hujificha chini ya magome wakati wote wa baridi. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Mayai, tunutu na wadudu wazima huweza kukutwa pamoja katika mti mmoja.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kunyunyiza dawa ovyo. Dawa iuayo kwa kugusa hailifikii vyema yai lililofichwa ndani ya jani. Lakini humwangamiza Stethoconus, mdudu ambaye huwawinda kunguni kimia na kwa kawaida huwazuia wasizidi. Mayai yale huanguliwa baadaye katika shamba lisilo na mlinzi. Mkulima hununua dawa mara ya pili, na fedha ya ada za watoto huishia dukani.

Kwa maoni yetu, elimu ya ugani haitoshi ikimwonyesha mkulima adui peke yake. Bwana shamba na aligeuze jani mbele ya wanakijiji, awaonyeshe adui na mlinzi pia. Dawa, ikilazimu, inyunyizwe kwenye miti iliyoshambuliwa tu. Aliyekwisha kumjua rafiki yake shambani hatafanya haraka kumuua.