Mpe Mtoto Tuta Lake

Sisi tunaopima watoto kliniki hatupitishi wiki bila kusikia kilio hiki: "Huyu mwanangu majani hagusi kabisa." Nasi huuliza: je, amewahi kuyapanda?

Anzeni na maharage ya jikoni. Weka kitambaa kilicholowa ndani ya glasi, kisha penyeza punje tatu kati ya kitambaa na glasi ili mtoto azione. Kisikauke, wala usijaze maji. Mbegu nayo hupumua, ikizama huoza. Baada ya siku chache mzizi huchungulia kwanza, nao hutafuta njia ya chini hata glasi ikilazwa. Mwache ailaze, aone mwenyewe. Kisha shina huinuka limejikunja kama ndoano, likibeba nusu mbili za punje. Mweleze kwamba hicho ni chakula alichofungiwa mmea, kama maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, mpaka majani yaweze kujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa.

Ndipo mpe tuta, hata la hatua moja. Tunapenda mchicha, kwa kuwa mtoto hana subira ya kungoja mahindi. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza, funika kidogo tu. Wiki ya nne hivi mnaanza kuchuma. Mdogo amwagilie kwa kopo lililotobolewa. Wa darasa la tatu apime urefu kwa rula na kuandika. Wavulana nao, tafadhali!

Upikeni kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Mtoto anayeikosa huanza kujikwaa jioni giza likiingia, na hali ikizidi jicho huharibika kabisa.

Lakini angalieni. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au bluu zimepakwa dawa. Si za mikono ya mtoto, sembuse mdomo. Dawa ya wadudu isikae katika chupa ya soda kamwe. Samadi iwe imeoza vizuri, na mtoto avae viatu, kwa sababu minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo. Akitoka bustanini anawe kwa sabuni.

Miche miwili msiichume. Itatoa maua, kisha mbegu, na mtoto atapanda tena bila kukuomba hela.