Munkoyo: pipa kubwa si faida kubwa



Kila mara baada ya mavuno, tukipita vijiji vya Fungurume, swali ni lile lile: kwa munkoyo, tununue pipa ya lita ngapi? Wengi wanataka ile ya 200. Sisi tunasema hapana, na sababu zetu njo hizi.

Munkoyo haingojei muntu. Ukisha kutia mizizi katika uji wa mahindi, uchachu unafanya kazi usiku na mchana. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ina nguvu, kisha wanunuzi wanakunja uso. Kwa hiyo chombo kipimwe kwa soko, si kwa mavuno. Tuseme unauza lita 30 kwa siku. Ndobo mbili za lita 20 zinatosha, kila moja ukiijaza lita 15 tu, sababu povu inahitaji nafasi. Kesho yake unaanzisha mbili zingine. Ndobo nne, na kila siku kuna munkoyo mupya.

Tuliona koperative moja iliyotoa pesa ya sanduku kununua pipa moja kubwa. Uji mwingi namna ile unapoa pembeni, lakini katikati unabaki moto sana. Mizizi ikikutana na moto huo inapoteza nguvu yake. Yote iliharibika mara moja, ikaenda kwa nguruwe. Yale mahindi yalikuwa bukari ya mwezi wa pili, wakati gunia la kutoka Zambia linapanda bei. Ndobo moja ikiharibika, zingine zinabaki.

Tena, mapipa ya bei ndogo kando ya barabara yanatoka wapi? Hapa kwetu ni inchi ya migodi. Pipa lililobeba asidi ao dawa ya mgodi, plastiki yake inashika ile sumu, na sabuni haiitoi. Munkoyo ni kali kidogo, inaivuta polepole. Pipa la chuma nalo linaliwa na ukali ule. Na bido ya mafuta yenye mdomo mwembamba? Mkono hauingii, basi haisafishwi vizuri. Chagua ndobo ya plastiki ya chakula, yenye mdomo mpana na kifuniko kisichobana sana, ili hewa itoke.

Mtatuuliza: na ndoa, na kilio, tutafanya je? Koperative inunue ndobo 20 kwa pamoja, ziandikwe katika kitabu, kila mwenye shuguli aazime na arudishe zikiwa safi. Zikijazwa vizuri zinatoa lita 300, kupita lile pipa.

Kwa mkutano ujao, mbele ya kufungua sanduku, hesabuni kwanza mambo mawili: tunauza lita ngapi kwa siku, na ghalani mahindi yanabaki ya miezi mingapi. Majibu hayo njo yatachagua chombo.